Kozi ya data au warsha ya kuandika maombi ya ufadhili? Jibu kwa mhadhiri aliyeuliza

Mwenzetu ameuliza, nami nafupisha: ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Nairobi, anasomea uzamifu katika lishe ya watoto, na ana Sh60,000 za akiba. Ameona tangazo la kozi ya jioni ya "sayansi ya data", miezi mitatu, yenye cheti. Idara yao nayo imeletewa warsha ya bure ya siku tatu ya kuandika maombi ya ufadhili, na ratiba zinagongana. Aanze na ipi? Na je, cheti cha data kitamsaidia kupata pesa za utafiti?

Dada, kwa ufupi: cheti hakitakusaidia, ujuzi utakusaidia sana, na hizo Sh60,000 zishikilie kwanza. Sasa nieleze.

Mimi kazi yangu ni kusimamia data za watafiti. Nilianzia katika taasisi ya utafiti, siku hizi niko chuoni, na mara kwa mara huitwa kuketi kwenye jopo linalosoma maombi ya walimu wenzetu kabla hayajatumwa kwa wafadhili. Wengi hudhani maombi huanguka kwa sababu ya Kiingereza au kwa kukosa mtu wa kukushika mkono. Hayo yapo, sikatai. Lakini ninachokiona mezani ni kwamba wazo huwa zuri, mapitio ya maandishi yamekaa sawa, kisha ukifika kwenye data na bajeti unagundua kurasa hizo mbili hazijuani kabisa. Mtu ameandika atatembelea kaya 1,200 katika kaunti tatu, apime watoto urefu na uzito, halafu "data zitachambuliwa kwa SPSS" (programu ya takwimu). Sentensi moja, basi. Ukienda kwenye bajeti unakuta nauli, posho, chai na karatasi za kuchapisha. Hakuna mtu wa kusafisha data. Hakuna tableti, hakuna bando, hakuna siku za kuwafunza wasaidizi wa utafiti, hakuna pa kuhifadhi chochote baada ya mradi kuisha. Mhakiki aliyewahi kwenda nyanjani akisoma hapo anajua huyu hajawahi kuzishika data za ukubwa huo, na haijalishi yuko London au Pretoria.

Tena wafadhili wenyewe wameacha kubahatisha. Taasisi za afya za Marekani, NIH, tangu tarehe 25 Januari 2023 zinataka kila ombi linalozalisha data za kisayansi liwe na mpango wa kuzisimamia na kuzitoa kwa wengine, na wanapendekeza usizidi kurasa mbili. Wellcome, wafadhili wa Uingereza, wanataka mpango wa namna hiyo. Miradi ya Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutakiwa kuwasilisha wake kufikia mwezi wa sita wa mradi. Kwa hiyo swali lako la "data au ufadhili" limegawa kitu kimoja mara mbili.

Turudi kwenye hiyo kozi ya jioni. Sijaiona, ila nimeziona nyingi za aina yake. Wiki ya pili utatabiri nani alinusurika kwenye meli ya Titanic, wiki ya nne utapanga maua ya irisi katika makundi matatu, na mwisho utachora grafu nzuri ya bei za nyumba za Boston. Si mambo mabaya. Tatizo ni kwamba data hizo zimeshasafishwa na watu wengine miaka na miaka, na wewe utakayoipokea kutoka nyanjani itakuwa na mambo haya (faili moja tu niliyoletewa na mwanafunzi lilikuwa nayo yote):

Safu ya kaunti ilikuwa na Murang'a yenye alama iliyonyooka, Murang'a yenye alama iliyopinda, Muranga bila alama, na nyingine yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho halioni. Kwa kompyuta hizo ni kaunti nne. Tharaka Nithi ilikuwa na kistari kwa msaidizi mmoja na bila kistari kwa mwenzake. Namba za simu zote zilikuwa zimepoteza sifuri ya mbele, maana Excel iliziona kama namba za kawaida ikaitupa. Tarehe 03/04 kwenye laptopu moja ilikuwa Aprili na kwenye nyingine Machi. Na kulikuwa na mtoto wa miezi saba mwenye kilo 99.9, kwa sababu mtu aliamua 99.9 ndiyo "hakupimwa" bila kumwambia yeyote. Wastani wa uzito ukapanda, mwanafunzi akaanza kuandika aya nzima kuhusu unene kwa watoto wa mitaa ya mabanda.

Msidhani ni ushamba wa huku kwetu. Excel hiyohiyo iligeuza majina ya jeni kuwa tarehe kwa miaka mingi, SEPT2 ikisomeka kama Septemba 2, hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina. Wanasayansi wa dunia nzima walishindwa na Excel, wakabadili majina ya jeni.

Kwa fani yako kuna kipimo ambacho ningetaka ukijue kabla ya kitu chochote chenye neno "akili bandia" ndani yake. Chukua safu ya urefu wa watoto, uangalie tarakimu ya mwisho tu. Kama msaidizi alisoma ubao wa kupimia vizuri, tarakimu 0 hadi 9 zitatawanyika karibu sawa. Ukikuta nusu ya watoto wana urefu unaoishia .0 au .5, ujue mtu alikuwa anakadiria. Chambua kwa jina la msaidizi, utamjua ni nani, na utamjua siku ya pili ya kazi badala ya mwezi wa pili. Kisha umri: usikubali "miaka miwili hivi". Omba kijitabu cha kliniki, andika tarehe kamili ya kuzaliwa, kwa sababu viwango vya ukuaji vya WHO vya mwaka 2006 vinahesabu kwa umri, na ukikosea miezi mitatu mtoto mwenye afya anageuka kuwa amedumaa. Programu yao ya Anthro ni ya bure. Alama-z ya kimo kwa umri (yaani mtoto yuko mbali kiasi gani na wa kawaida wa umri wake) ikitoka nje ya -6 na +6, programu inaitilia alama kuwa haiaminiki. Weka hayo kwenye ombi lako, aya moja: utakagua tarakimu za mwisho kila jioni, utaripoti asilimia ya vipimo vilivyotiliwa alama, msaidizi atakayezidi kiwango fulani atarudishwa mafunzoni. Aya hiyo inapita vyeti vitatu.

Ujuzi huo unapatikana bila kulipa. R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni bure. Masomo ya The Carpentries yako wazi mtandaoni na yameandikwa kwa ajili ya watafiti, si wahandisi wa programu, na somo la kwanza kabisa ni namna ya kupanga jedwali: kila safu kitu kimoja, kila mstari mtu mmoja. Hapa Nairobi kuna kundi la R-Ladies, la wanawake wanaotumia R, ambako unaweza kuuliza swali la kijinga bila mtu kucheka. Kwa kukusanya data simuni, KoboToolbox inatosha kabisa kwa mtu wa kiwango chako.

Na data za kujifunzia tafuta za nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, KDHS, uligusa kaunti zote 47 na una lishe ya watoto ndani. Hapo utajifunza jambo ambalo Titanic haina: uzani wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila aliyehojiwa anawakilisha watu wangapi. Kwenye faili la wanakaya, ambalo ripoti hutumia kwa udumavu, kuna safu iitwayo hv005. Lazima uigawanye kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia kama uzani, na lazima uiambie programu kuhusu vishada (maeneo madogo yaliyochaguliwa) na matabaka (makundi ambamo maeneo hayo yalichaguliwa). Ukiacha, kaunti ndogo zilizochukuliwa watu wengi kuliko uwiano wao zitapotosha takwimu za taifa lote. Jaribu kutoa kiwango cha udumavu, ulinganishe na kilichochapishwa kwenye ripoti. Kikilingana, umefuzu. Hakuna mtahini mkali kuliko huyo. Fahamu pia kuwa mpango wa kimataifa wa DHS ulitegemea pesa za USAID, na ulisimamishwa Februari 2025. Mtu anayejua kuzichambua vizuri data zilizopo atakuwa na kazi kwa muda.

Bajeti sasa, ambayo warsha nyingi huipitia dakika arobaini za mwisho watu wakiwa wanangoja fomu ya nauli.

Kiwango cha kubadilisha fedha ndicho kimewaumiza watu ninaowajua kuliko wizi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu Sh160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu Sh129. Aliyeomba dola 50,000 akipiga hesabu ya milioni nane, alipokea kama milioni sita na laki nne na nusu. Kaya ni zilezile, posho ni zilezile, milioni moja na nusu imeyeyuka. Andika wazi umetumia kiwango gani na tarehe gani, panga kwanza kazi ambazo haziwezi kukatwa, na uliza mfadhili kama anaruhusu kuhamisha pesa kutoka fungu moja hadi jingine bila kumwandikia.

Pili, chuo chenyewe. Kwa pesa za serikali ya Marekani, taasisi lazima iwe na namba ya utambulisho iitwayo UEI, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani, DUNS, Aprili 2022, na usajili wake lazima uwe hai. Usajili huo huhuishwa kila mwaka. Nimeona ombi zuri likikwama kwa sababu aliyekuwa na nywila alistaafu. Nenda ofisi ya utafiti leo, uliza ni nani anayo. Uliza pia chuo kinakata asilimia ngapi, na kama mfadhili wako anakubali asilimia hiyo, maana tofauti ikitokea italipwa na kaya zako 1,200.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ujitambulishe kaunti kabla ya kuingia mtaani, na vyote hivyo viwekee miezi kwenye ratiba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na kuipeleka nje ya nchi kuna masharti. Kwa hiyo sentensi ya "data zitahifadhiwa kwenye wingu" haitoshi. Sema wingu la nani, seva iko wapi, nani ana ufunguo. Watu wa mitaani nao wameamka. Baada ya zile foleni za Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha macho ya watu kwa malipo, pale KICC mwaka 2023, mama wa Kayole atakuuliza unataka namba ya kitambulisho ya nini. Kama huna jibu, usiiulize kwenye hojaji.

Na pesa ziko wapi? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kufika huko, lakini wito wao wa maombi ukitoka, omba. Kwa uzamifu tazama CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika wa kufunza watafiti, unaoongozwa na APHRC (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya) pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ni kwa wafanyakazi wa vyuo wanachama, na hapa Kenya Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi vimo. Science for Africa Foundation nao makao yao yako Nairobi. Fuatilia wito zao moja kwa moja, usingoje zile picha za skrini zinazosambazwa kwenye WhatsApp tarehe ya mwisho ikiwa kesho.

Basi nenda kwenye warsha ya bure, ila usiende mikono mitupu. Chagua wito mmoja halisi, uchapishe masharti yake, beba na faili lako la data hata kama ni la shahada ya pili. Waulize waandaaji mapema kama kutakuwa na mtu wa fedha wa chuo ndani ya chumba. Kama ni mihadhara mitupu siku zote tatu, hudhuria ya kwanza tu, halafu kaa na mhasibu wa idara siku zilizobaki.

Zile Sh60,000 ningeziweka kwenye jaribio dogo: wasaidizi wawili, ubao wa kupimia wa kukodi, kaya chache karibu na unakofanyia kazi. Kibali cha maadili kinahitajika hata kwa hilo, usije ukaambiwa hapa jukwaani kuwa jaribio halihesabiwi. Ukimaliza utajua kaya moja inachukua dakika ngapi na bando kiasi gani, na tarakimu za mwisho za wasaidizi wako zikoje. Namba hizo ndizo utaziandika kwenye ombi. Ukiwa na rasimu, iweke hapa bila jina la chuo, nitaisoma kuanzia bajeti.