Treni ndogo Mombasa: azima kwanza rula ya duka la vitambaa

Kaka, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Umehamia Nyali kutoka Nairobi na sanduku la treni ndogo za mfano, za kipimo cha HO, unataka kujua duka gani hapa Mombasa linauza reli na mabehewa, nani ana meza ya treni ya kwenda kutazama, na mtu akae wapi aone treni za kweli zikipita. Waliotangulia kukujibu wamesema "hakuna duka" wakanyamaza. Ni kweli hakuna. Lakini mimi nina miaka kumi na moja kwenye mchezo huu, yote nikiwa Tudor kwenye chumba kimoja, na meza yangu imejaa. Ngoja nikueleze ilivyojaa, na pesa nilizopoteza njiani.

Kosa langu la kwanza lilianzia Kongowea. Upande wa mitumba kuna wauzaji wanaofungua marobota ya vitu vya watoto kutoka Uingereza. Siku moja ndani ya ndoo ya vichezeo nikaona kichwa cha treni cha Hornby, kampuni ya treni ndogo ya Uingereza, mabehewa mawili na vipande tisa vya reli. Muuzaji aliniambia mia tano, nikashusha mpaka mia tatu na hamsini, nikarudi nyumbani kama mtu aliyeokota lulu. Miezi minne nikajenga kwa kadibodi stesheni ya zamani ya Mombasa, ile ya mwisho wa Haile Selassie, nikaweka na minazi.

Akaja mzee wetu mmoja wa mtaani, mstaafu wa reli, kunywa kahawa. Akainama, akatazama muda mrefu. "Mwanangu, stesheni nimeijua. Reli hii ni ya wapi?" Nikamwambia ni yetu hii hii. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika. "Kaazime rula ya mita duka la vitambaa, kesho tukutane Changamwe."

Nikaenda Biashara Street kwa jamaa ninayemnunulia mama kanga, akanipa rula yake ya mbao huku akiniuliza kama nimeanza kushona. Kesho yake, pale watu wanapovukia reli, mzee akaangalia huku na huku, akailaza rula kati ya vyuma viwili. Ikaingia sawasawa, ncha hii kwa ncha hii. Reli iliyoanza kujengwa hapa kwetu mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ni ya mita moja kamili. Nilikuwa nimepita juu yake maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza.

Sasa fanya hesabu, maana ndiyo itakayokuokoa. HO ni 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Gawanya milimita 1,000 kwa 87, unapata 11.5. Reli ya SGR, ile mpya ya Nairobi, ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata 16.5, na hiyo ndiyo reli iliyomo sandukuni mwako. Yangu ya Kongowea ilikuwa OO, yaani 1:76, ila inatembea juu ya reli hiyo hiyo ya milimita 16.5. Ukizidisha 16.5 kwa 76 unapata mita moja na robo, kipimo ambacho si cha reli ya zamani wala cha mpya. Na hata kwao Uingereza hakiko sawa, maana mwili wa OO ni mkubwa kuliko reli yake. Wamezoea tu, wanaishi nao.

Kwa hiyo wewe una bahati. Ulicho nacho kinafaa SGR bila kubadilisha chochote. Vichwa vinavyovuta Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ni DF11 za Kichina, na Wachina wenyewe wametengeneza DF11 ya HO. Shida itakuwa kona. Behewa la abiria lina mita 25 na kitu, ukilipunguza ni sentimita 29, na kona kali za kwenye maboksi ya wanaoanza zitalitupa nje au zitalifanya lionekane kama basi linalokata kona Mwembe Tayari. Kutoka katikati ya mduara hadi kwenye reli, usishuke chini ya sentimita 60. Kama chumba hakitoshi, achana na mduara, tengeneza ukanda mrefu ukutani, treni itoke upande huu ipotelee upande ule.

Ukiwa na nafasi ndogo kabisa, fanya treni ya mizigo. Kontena la futi 40 kwenye HO lina sentimita 14 tu, na SGR huyapanga mawili mawili, moja juu ya jingine. Kontena ni kadibodi na rangi. Nani Mombasa atakosa kontena la kupigia picha?

Mimi nilihamia reli ya zamani, kwa sababu ya mzee yule na kwa sababu ya Garratt, ile injini kubwa ya mvuke. Kama hujawahi kusimama chini ya injini ya kundi la 59, ukienda Nairobi shuka Syokimau, panda treni ya kuunganisha hadi stesheni ya kati, kisha nenda makumbusho ya reli ukaione 5918, Mount Gelai. Zilikuwa 34, zikaundwa na kiwanda cha Beyer Peacock pale Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozizidi ukubwa. Zilivuta mizigo kutoka hapa Mombasa kwenda Nairobi, zikichoma mafuta mazito, si kuni wala makaa kama watu wanavyosimulia barazani.

Ujanja wake ni kwamba imekatwa sehemu tatu: boila iko katikati, imebebwa na vigari viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kinapinda peke yake. Hivyo uzito unatawanyika kwenye reli nyepesi na kona zinapitika. Mezani ni vivyo hivyo. Injini yenye zaidi ya mita 30 inakuwa kama sentimita 36 kwenye HO, lakini inapita kona ambayo behewa la Madaraka linaikataa. Yangu niliijenga mwenyewe juu ya mota mbili za treni za kipimo cha TT, ambazo reli yake ni milimita 12. Kati ya 12 na 11.5 jicho halioni. Kampuni ya Peco huuza reli ya milimita 12 yenye mataruma yaliyopangwa kwa nafasi za reli ya mita. Hiyo ndiyo niliyoagiza.

Kuagiza, basi. Agiza vitu vitatu tu: reli, mota na magurudumu. Umbali wa magurudumu hauvumilii ufundi wa kukisia. Weka akilini kuwa juu ya nauli kuna ushuru na VAT ya asilimia 16, na uweke risiti halisi ndani ya mzigo. Mzigo wangu mmoja ulikaa wiki saba kwa msafirishaji ambaye simtaji, kila nikipiga simu naambiwa "kesho". Ulipofika, sanduku lilikuwa limekaliwa na mtu mzito.

Mengine yote yako hapa, mengine bure. Dodoki lililokauka, ukilichana na kulitia rangi, linakuwa kichaka kizuri kuliko vile vya kununua. Nyuzi za makumbi ni nyasi za kiangazi, mkonge uliokatwa fupi ni nyasi za Mariakani baada ya mvua. Mbuyu ni waya wa umeme uliosokotwa, ukavikwa karatasi ya shashi na gundi ya seremala. Udongo mwekundu nilichota mwenyewe Voi, nikauchekecha kwa chekecheo la unga (mke wangu alilitafuta siku tatu, nami nikamsaidia kutafuta). Ukiutupa juu ya gundi, mtu yeyote aliyewahi kusafiri na treni anajua yuko wapi kabla hujamwambia.

Mchanga wa pwani usiuguse. Nilidhani nimepata kokoto za bure, nikamwaga wa Nyali kati ya mataruma. Chumvi ya mchanga huvuta unyevu wa hewa, na unyevu ukikutana na chumvi umeme unapata njia ya mkato kati ya chuma na chuma. Usiku wa masika treni ilikuwa inatembea kwa kusitasita, na vile viungo vidogo vya chuma vinavyoshika vipande vya reli vilikuwa vimeshika kutu. Ikabidi ning'oe mita tatu. Sasa natumia vumbi la kokoto za wajenzi, limeoshwa maji matatu na kuanikwa. Na kwenye mitumba ukikuta reli, iguse kwa sumaku. Ikinata ni chuma, pwani hii haitamaliza mwaka. Isiponata huenda ni ile aloi ya shaba, nikeli na zinki: hufifia tu, unaipangusa kwa spiriti.

Meza yenyewe usitengeneze kwa zile mbao za unga ulioshindiliwa. Zinakunywa unyevu, zinavimba kama mahamri. Nenda kwa mafundi wa mashua, waulize plaiwudi ya majini. Wanauza hata vipande vilivyobaki. Paka rangi pande zote mbili na kwenye kingo, hasa kingo. Na usibane vipande vya reli vikagusana. Mimi nilitandika usiku wa kusi kukiwa na ubaridi, kaskazi ilipoingia reli ikainuka mgongo. Acha nafasi ndogo, unene wa kadi ya simu.

Umeme: treni hizi ni volti 12. Sijachomeka kidhibiti changu ukutani tangu siku umeme uliporudi kwa kishindo ukaniunguzia cha kwanza. Natumia betri ya sola ya volti 12, fyuzi, na kidhibiti cha mwendo cha mota alichonifungia fundi redio wa Mwembe Tayari, pamoja na swichi ya kugeuza chanya na hasi ili treni irudi nyuma. Treni inatembea hata mtaa mzima ukiwa gizani. Tahadhari moja: vidhibiti hivyo vinavyokatakata umeme hupasha joto mota ndogo zisizo na kiini cha chuma. Kama kichwa chako kina mota ya aina hiyo, usitumie kidhibiti cha namna hii.

Meza za kutazama ni chache na ziko majumbani. Yangu karibu, ila piga simu kwanza. Ila iliyo bora mjini, kwa maoni yangu, ni ya rafiki yangu wa Kibokoni, na haina treni hata moja. Wengi hawajui kwamba kabla ya magari, wakubwa wa Mombasa walisafiri mjini kwa toroli: kiti chenye kivuli juu ya reli nyembamba mno, futi mbili hivi, kikisukumwa na watu kwa miguu. Reli zake zilitoka mjini hadi Kilindini. Yeye ametumia reli ya kipimo cha N, ya milimita 9, ambayo ni rahisi kuipata, akajenga mtaa wa Mji wa Kale wenye milango na roshani, na toroli ya ukubwa wa kibiriti ikipita chini yake. Imekaa juu ya mlango wa zamani unaosukumwa chini ya kitanda. Nimemhusudu, nakiri.

Sasa pa kuangalia treni za kweli. Kwangu hakuna kama Mazeras. Barabara ya Nairobi, reli ya zamani na SGR zote zinabanana pale, na SGR inavuka juu ya barabara kwa daraja refu. Treni ya SGR inayotoka stesheni ya Miritini saa mbili asubuhi inafika muda si mrefu, ikiwa inapanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo unaisikia injini ikifanya kazi. Ile ya saa tisa alasiri ndiyo ya picha, jua liko upande wa inakokwenda. Angalia ratiba kabla, hubadilika. Treni za mizigo hazikupi saa. Chukua mbaazi na mahamri, keti.

Reli ya zamani ni ya mwenye subira. Changamwe unaweza kumaliza asubuhi nzima bila kuona kitu, kisha kichwa kikapita na matangi yake ukiwa umegeuka kununua madafu. Ukipata siku nzima, nenda Mackinnon Road. Msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali uko kando kabisa ya reli, na wazee wa reli husimulia madereva walivyokuwa wakipunguza mwendo wakifika hapo.

SGR ina ua, usiuruke, na kwenye stesheni au karibu na bandari uliza kabla ya kutoa kamera. Mimi nilishawahi kuketishwa saa mbili mahali fulani nikieleza kwa nini napiga picha magurudumu. Kilichonitoa ni picha ya meza yangu kwenye simu. Askari aliitazama, akaniuliza Garratt inauzwa bei gani.

Jumamosi hii nitakuwa Mazeras kuanzia saa moja na nusu, chini ya mwembe unaotazama daraja. Njoo na hilo sanduku tulifungue. Utanitambua kwa rula ya mita. Yule jamaa wa Biashara Street bado ananidai.