Digrii Ninayo, Sasa Nataka Uwakili: Maswali ya Wasomaji

Wasomaji wengi wenye shahada za uhasibu, uhandisi, ualimu na uuguzi wametuandikia kuuliza jinsi ya kuhamia kwenye sheria wakiwa hapa Uganda. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Nina shahada ya biashara na nimefanya kazi ya uhasibu miaka sita. Nasikia Uingereza mwenye shahada yoyote husoma sheria mwaka mmoja tu, kisha anaendelea na mafunzo ya uwakili. Hapa Uganda kozi hiyo inafundishwa wapi? — Mhasibu, Ntinda

Haifundishwi popote, ndugu mhasibu. Yeyote atakayekuuzia kozi ya mwaka mmoja ya kukugeuza wakili hapa, mwombe kwanza akuoneshe barua ya idhini ya Law Council, chombo kinachosimamia elimu ya sheria na mawakili nchini. Sheria ya Mawakili ya Uganda inadai shahada ya sheria yenyewe. Shahada ya fani nyingine, hata iwe ya daraja la kwanza, haishiki nafasi yake, wala hakuna stashahada ya kuziba pengo hilo.

Njia yako ni hii. Unaanza na LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, ambayo katika vyuo vyetu huchukua miaka minne. Ukimaliza, unaomba nafasi Law Development Centre, ambayo sote tunaiita LDC, usome stashahada ya uzamili ya utendaji wa sheria kwa mwaka mmoja wa masomo. Ukifaulu hapo, unapeleka maombi Law Council ili ithibitishe kwamba umetimiza masharti, kisha unaandikishwa kwenye orodha ya mawakili Mahakama Kuu. Baada ya hapo unachukua cheti cha kufanya kazi, ambacho huhuishwa kila mwaka. Jipangie miaka mitano kamili, na uongeze miezi ya kusubiri matokeo, mahafali na barua. Anayepanga miaka minne na nusu huishiwa ada katikati ya LDC, na hapo ndipo pabaya pa kukwama, kwa sababu shahada pekee haikuruhusu kusimama mahakamani.

Usitegemee kusamehewa mwaka kwa sababu ya shahada yako ya biashara. Masomo yanayohamishika ni yale yanayolingana na mtaala wa sheria, na katika biashara huenda likawa moja au mawili, kama vile sheria ya biashara. Uliza kabla ya kusajiliwa, kwa barua, ukiambatanisha maelezo ya somo ulilosoma. Wengi huuliza wakiwa mwaka wa pili, na kufikia hapo ada imeshalipwa.

Lipo jambo jingine linaloumiza watu kuliko ada. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali ya National Council for Higher Education huku programu yake ya sheria haina idhini ya Law Council, au idhini ilikuwepo na imeisha. Vyombo hivi ni viwili tofauti, na kila kimoja kina ukaguzi wake. LDC inatazama idhini ya programu ya sheria, siyo uzuri wa lango la chuo. Kwa hiyo usiridhike na bango wala kipeperushi. Andikia Law Council, taja jina la chuo, kampasi na mwaka unaotaka kuanza, uulize kama LLB ya kampasi hiyo inatambuliwa. Kampasi ni muhimu, maana idhini ya makao makuu siyo lazima ifunike tawi. Jibu likifika, lihifadhi pamoja na vyeti vyako.

Binamu yangu yuko London. Ananiambia nikasome ile kozi ya mwaka mmoja huko, nirudi, nifungue ofisi ya uwakili hapa. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nina mke na watoto wawili. Ushauri wenu? — Mhandisi, Jinja

Binamu yako anasema kweli kuhusu Uingereza, lakini kuhusu Uganda amekosea.

Kozi anayoitaja ni stashahada ya uzamili ya sheria, iliyojulikana miaka mingi kwa kifupi cha GDL na ambayo siku hizi vyuo vingi huiita PGDL. Ni ya mwaka mmoja kwa anayesoma kutwa, au miwili kwa anayesoma huku akifanya kazi. Inabana katika muda huo misingi ya sheria ya Uingereza: katiba na utawala, jinai, mikataba, madai ya madhara (tort), ardhi, usawa na amana (equity na trusts), pamoja na sheria ya Umoja wa Ulaya. Ni kozi ngumu, na waliobobea huko wengi wamepitia mlango huo.

Tatizo liko kwenye hati utakayorudi nayo. Sheria yetu inamtambua aliyesoma nchi nyingine inayofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, lakini inataka awe na shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa na Law Council. PGDL ni stashahada. Baadhi ya vyuo huipanua kozi hiyohiyo na kuitunuku kama shahada ya uzamili ya sheria. Jina hilo zuri lisikupe matumaini: Law Council huangalia kilichofundishwa na kwa muda gani. Tena hata maudhui yenyewe yanakuacha mbali na nyumbani. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 237, inataja mifumo minne ya umiliki wa ardhi: kimila, frihold (milki ya kudumu), mailo (milki ya kudumu yenye asili ya Buganda) na lisihold (ya kukodi kwa muda). Hakuna mhadhara wa London utakaokufundisha mgogoro wa kibanja, yaani kiwanja cha anayekaa kwenye ardhi ya mailo ya mtu mwingine, na huko Buganda ndiyo kazi ya kila siku ya wakili. Sheria ya ushahidi nayo haimo kwenye orodha ya masomo ya lazima ya kozi ile.

Kama nia yako ni kuishi na kufanya kazi Uingereza, hesabu inabadilika. Tangu 2021 anayetaka kuwa solisita, yaani wakili anayehudumia wateja hasa ofisini, anafanya mtihani uitwao SQE, na mwenye shahada ya fani yoyote anaruhusiwa kuufanya hata bila PGDL. Sehemu ya kwanza ina karatasi mbili, kila moja maswali 180 ya kuchagua jibu lililo bora. Sehemu ya pili ina vituo 16 vya vitendo, 12 vya kuandika na 4 vya kuzungumza, na hivyo vya kuzungumza hufanyika Uingereza na Wales tu. Ada ya mitihani peke yake imezidi pauni 4,700 bila masomo ya kujiandaa. Kila sehemu unaruhusiwa kujaribu mara tatu, na yote uyamalize ndani ya miaka sita tangu uketi mara ya kwanza. Pia unatakiwa uwe na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria, katika ofisi zisizozidi nne. Uzoefu huo unaweza kuupata hata Kampala, ila lazima uthibitishwe na solisita aliyeandikishwa Uingereza na Wales. Mtafute kabla hujaanza kuhesabu miezi, kwa kuwa uzoefu usio na wa kuuthibitisha hauhesabiwi. Anayetaka kuwa barista, yaani wakili anayebobea katika kusimama mahakamani, bado anahitaji shahada ya sheria au ile stashahada, kisha kozi ya baa, uanachama wa mojawapo ya Inns nne, ambavyo ni vyama vya mabarista, na mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya barista mzoefu. Nafasi za mwaka huo ni chache sana kuliko waombaji.

Kuhusu familia, tunakusihi usome masharti ya viza kabla ya kuwaahidi watoto. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kigeni anayesoma kozi ya kufundishwa, isiyo ya utafiti, haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto kama wategemezi. Fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na waombaji kutoka Uganda hupimwa kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa. Siku moja salio likishuka, hesabu ya siku 28 inaanza upya.

Ukishikilia kusoma nje huku ukitaka kurudi, chagua LLB kamili. Vyuo kadhaa vya Uingereza vina LLB ya miaka miwili kwa wenye shahada nyingine, na University of London ina LLB ya masafa yenye njia ya wahitimu, inayosomeka ukiwa Jinja. Hizo ni shahada. Lakini hata hapo, peleka Law Council mtaala, muda na namna ya kusoma, na ungoje jibu kabla hujalipa shilingi. Swali la kuuliza usiandike kwa jumla. Andika hivi: "Nikimaliza programu hii, nitaruhusiwa kuomba LDC, na kama kuna masomo ya nyongeza ni yapi?"

Nilisoma kidato cha sita Mwanza na shahada ya ualimu Dar es Salaam, sasa naishi Masaka na nina miaka 34. Nitaingiaje LLB? — Mwalimu, Masaka

Dada mwalimu, anza na vyeti, mtihani utafuata. Vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita vinalinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na shahada yako inalinganishwa na National Council for Higher Education. Hizo ni ofisi mbili, maombi mawili na malipo mawili. Beba vyeti halisi na nakala. UNEB inaweza kuwasiliana na NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kuhakiki, na chuo chako cha zamani kinaweza kutakiwa kutuma matokeo moja kwa moja, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Wenye vyeti vya Kenya wanafuata njia hiyohiyo.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na kitambulisho kimeongezwa jina la mume. Yasawazishe mapema kwa hati ya kiapo na cheti cha ndoa. Ukiyaacha yatakufuata mpaka LDC, na huko kila herufi hukaguliwa.

Kwa umri wako unaweza kuingia kwa njia ya watu wazima, ambayo huanzia miaka 25, lakini wewe una shahada: omba kama mwenye shahada. Kwa miaka mingi Makerere imewapa waombaji wa sheria mtihani wa kujiunga, uwe umetoka kidato cha sita, una stashahada au una shahada, na Uganda Christian University ya Mukono pia ina wake. Hupima Kiingereza, ufahamu, kujenga hoja, hesabu nyepesi na maarifa ya jumla. Haupimi sheria, kwa hiyo vitabu vya sheria viache rafuni. Jizoeze kusoma makala ndefu na kuifupisha kwa maneno yako ukiwa na saa mezani, maana walimu na wahasibu wengi huangushwa na muda. Hesabu za asilimia na uwiano nazo zirudie, kwani ndizo watu wa sanaa huzidharau.

Na kama unawaza kurudi Tanzania baadaye, waulize Law School of Tanzania sasa hivi wanataka nini kwa mwenye LLB ya Uganda. Msomaji wa Kenya naye aulize Kenya School of Law, hasa kuhusu alama zake za sekondari.

Nina shahada ya sayansi ya siasa. Nikisoma LLM, si nitakuwa nimeruka LLB? — Lira

Hapana. LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, ni ghorofa ya pili. Makerere huidai LLB kwa anayeomba LLM, na hata ukipata chuo cha nje kitakachokupokea bila LLB, hapa bado hutakuwa na shahada ya kwanza ya sheria ambayo LDC inaitaka.

Je, naweza kusoma LLB jioni, kisha LDC nikiwa kazini? — Afisa wa benki, Mbarara

LLB ya jioni inawezekana katika baadhi ya vyuo, na wapo wafanyakazi wengi wanaoimaliza vizuri. LDC ni jambo jingine kabisa, hata kama kampasi ya Mbarara iko mtaani kwako. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi vinavyofanya kazi kama ofisi za mawakili, mahudhurio yanahesabiwa, na kipo kipindi cha kufanya kazi kwa vitendo nje ya darasa. Omba likizo bila malipo ya mwaka mzima, au acha kazi ukiwa umeweka akiba.

Wanaofeli LDC mara nyingi siyo wavivu. Wanasoma kama walivyosoma LLB: nadharia, majina ya kesi, maoni ya wanazuoni. LDC inakupa faili la mteja na kukuuliza ufungue shauri lipi, mahakama ipi, kwa hati ipi, ndani ya siku ngapi, kisha uiandike hati hiyo. Anayejua kanuni ya mkataba lakini hajawahi kuandika hati ya madai atatumia saa nzima kwenye kichwa cha hati. Tumia likizo za LLB kukaa kwenye ofisi ya mawakili, uombe kuandika rasimu, ukubali kusahihishwa.

Sitaki kusimama mahakamani. Nataka tu sheria inisaidie kazini. — Mkadiriaji majenzi, Entebbe

Basi miaka mitano ni mingi mno kwako. LDC hutoa pia stashahada ya sheria, ambayo haikufanyi wakili lakini inakupa msingi wa mikataba na taratibu. Kwa fani yako usuluhishi una thamani zaidi: msuluhishi hapa hahitaji kuwa wakili, na migogoro ya ujenzi hutafuta watu wanaoelewa vipimo na hati za malipo. Angalia mafunzo ya Chartered Institute of Arbitrators, ambayo hupanda kwa ngazi, na usome Sheria ya Usuluhishi ya 2000 kabla ya darasa la kwanza. Anayevutiwa na haki za binadamu aulize HURIPEC, kituo cha haki za binadamu na amani cha Makerere, na mhasibu anayependa kodi aombe usajili wa wakala wa kodi. Ukichagua usuluhishi, anza kuweka nakala za mikataba uliyoisimamia, ukiwa umefuta majina ya wateja, kwa sababu ndizo utakazotumia kuonesha uzoefu wako unapoomba ngazi ya juu.