Mbona Botez ana mashabiki kuliko Hou Yifan?

Umeuliza inakuwaje mcheza chesi (sataranji) Alexandra Botez avume mtandaoni kuliko mwenzake Hou Yifan, ilhali bingwa ni Hou. Ndugu yangu, hizo ni kazi mbili tofauti. Kwenye ubao hata hawakaribiani: Hou alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake 2010 akiwa na miaka 16, na ni GM (grandmaster) kamili, cheo cha juu kabisa cha chesi. Botez ni WFM (Woman FIDE Master), cheo cha wanawake kilicho chini sana ya hapo.

Ila Botez alianza kurusha mechi zake laivu Twitch, mtandao wa kurusha video, tangu 2016, bado mwanafunzi wa Stanford. Anacheza huku anapiga soga na watazamaji, akiboronga anajicheka. Alivyokuwa akimpoteza malkia, kete kali kuliko zote, kizembe, mashabiki wakakibatiza kituko hicho kwa utani "Botez Gambit" (gambit ni kutoa kete kwa makusudi), na sasa hata wasiomfuata wanalitumia jina hilo. (Mimi naicheza kila wiki, mashabiki sina.) 2020 corona ikatufungia ndani, mdogo wake Andrea akajiunga naye, chesi ikalipuka mitandaoni.

Hou mwenyewe alishachepukia masomo: alisoma Oxford, kisha akawa profesa Chuo Kikuu cha Shenzhen, China.