Kama unalea mtoto asiye wako, angalia Shoplifters

Kuna swali nililoulizwa hospitali usiku mmoja sitakaa nilisahau: wewe nani yake?

Nilikua nimembeba mtoto wa jirani yangu ana degedege. Mama yake aliniachia akasema anarudi baada ya wiki mbili, huo ulikua mwezi wa nane tangu aondoke, na mimi mtoto nilishamzoea tunalala kitanda kimoja, sahani moja, chumba chenyewe kimoja. Nikajibu mimi ni mama yake. Ikaja kwenye kusaini aongezewe damu, jina kwenye kadi ya kliniki ni lingine kabisa, nikabaki na peni mkononi.

Sasa miaka imepita ndio nakutana na hii Shoplifters, muvi ya Kijapani, kaitengeneza Hirokazu Kore-eda, mwaka 2018 ilichukua Palme d'Or, ile tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kama hujaiona jua nitakusimulia mpaka mwisho. Ni watu watano wamebanana kwenye kinyumba cha zamani Tokyo, wanaishi kwa pensheni ya bibi, vibarua na wizi wa madukani, na hakuna mwenye damu na mwenzake. Usiku mmoja wa baridi baba wa nyumba, Osamu, anamkuta katoto ka kike, Yuri, kapo nje peke yake kana njaa, anakabeba. Kana makovu mkononi. Wakakapa jina jipya, wakakakata nywele, wakakaficha.

Umaskini wao haupambwi. Osamu anavunjika mguu kazini kwenye ujenzi, fidia hakuna kwa sababu ni kibarua tu. Mama, Nobuyo, yeye kwenye kazi yake ya kufua nguo wanaambiwa wawili waamue wenyewe nani aondoke, yaani bosi hata kufukuza hafukuzi, anawaachia mkono wenu ndio ufanye.

Halafu wanakamatwa. Nobuyo anakaa mbele ya afisa anaulizwa, wale watoto walikua wanakuitaje? Mama? Hajibu. Anafuta machozi kwa kiganja, anafuta tena, hayaishi. Mimi pale nililia mpaka nikaisimamisha, maana ni swali langu lilelile la hospitali.

Kwahiyo ushauri wangu kwa yeyote anayekaa na mtoto wa watu, na tuko wengi sana: usimfiche. Mapenzi yao yalikua ya kweli, nawatetea hapo mbele ya mtu yeyote, ila kwa sababu walimficha Yuri hawakua na neno la kusema siku ya siku, na katoto karudishwa kwa mama yuleyule aliyekua anakatesa. Na kumfundisha Shota, mtoto wa kiume waliyekua wanamlea kabla ya Yuri, kuiba siwezi kuwatetea. Mtoto alipovunjika mguu akikimbizwa, wao wakafunga mizigo wakimbie wamuache hospitali. Hofu ndio inakufikisha huko.

Jambo jingine, usimlazimishe jina. Osamu anatamani mno kuitwa baba, Shota hasemi, anakuja kulitamka akiwa ndani ya basi midomo inacheza tu bila sauti, Osamu yuko barabarani anakimbiza basi. Mimi pia nililazimisha nikaacha. Wangu ananiita anti mpaka leo, akiumwa usiku ananiita mama, asubuhi narudi kua anti na wala simuulizi.

Na hiyo ya kutomficha, mimi nilianzia kwa mjumbe, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akanipa barua, ndio nikapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Niliogopa watamchukua, nilikaa nje ya ile ofisi karibu saa nzima ndio nikaingia. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kama hakipo nenda na kadi ya kliniki, kama nayo haipo nenda hivyohivyo na jirani mmoja anayejua mtoto alivyofika kwako. Usisubiri augue.