Re: Mwekezaji anataka hekta 180 za msitu wa kijiji chetu, Liwale

Ndugu, mwenyekiti anaposema "halmashauri ya kijiji imeshakubali", hilo halitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na kama ardhi inahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani inatoka mikononi mwa kijiji na kusimamiwa na serikali, ili apewe mwekezaji, ikiwa chini ya hekta 250 ni mkutano mkuu huo unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo ni waziri, baada ya kusikia mapendekezo yenu. Fidia, yaani kiasi, aina na lini italipwa, ikubaliwe kabla ya uhamisho. "Tutawajengea zahanati" si fidia mpaka iandikwe.

Kwa hiyo dai muhtasari wa kikao leo. Angalia mahudhurio yenye sahihi, idadi ya hekta na mipaka iliyotajwa kwa alama: mto, barabara, kigingi. Ujanja wa kawaida ni karatasi ya posho kubandikwa kama mahudhurio. Mipaka ikiandikwa "eneo la msituni" tu, hekta 180 zitanenepa.

Mkikataa, msiuache msitu wazi. Utengeni kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kisha muutangaze kuwa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Mrabaha wa magogo, yaani ada ya kuvuna miti, unabaki kijijini. Kikole, kule Kilwa, wameuza mpingo kwa njia hiyo. Ila kila gogo lipimwe kwa mita za ujazo. Ukiuza kwa shina, mnunuzi atachagua manene tu.