Klabu ya Rotary Chanika: msimlipe mchimba kisima kabla ya maombi kupitishwa

Mleta mada, umesema mko marafiki 12 hapo Chanika, mnataka kufungua klabu ya Rotary, ule mtandao wa dunia wa klabu za kujitolea. Unauliza ngazi zake zikoje. Sawa. Ila mstari wako wa mwisho ndio umeniinua kitandani: eti mmeshauriwa mumtangulizie pesa mchimba kisima wa pale shuleni, halafu "Rotary ya Marekani itarudisha". Nani kawaambia? Hairudishi. Msitoe hata shilingi.

Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi Mbagala. Alikuja jamaa anajiita mshauri wa miradi, shati limenyooka, beji ya gurudumu, nembo ya Rotary, kifuani, akasema kikundi kianze kazi ili wafadhili "waone utayari". Tukakopa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, mchimbaji akalipwa nusu ya pesa yake mwezi Mei. Klabu moja ya hapa mjini ilikuwa tayari kutubeba, na ilishapata klabu ya nje ya kushirikiana nayo. Maombi yakaandikwa, picha zikaambatanishwa. Kwenye picha moja watoto wamejipanga na ndoo, na nyuma yao mtambo wa kuchimba umesimama, tope limefika hadi mlango wa darasa la pili. Tukaulizwa: kazi ilianza lini? Tukatoa risiti. Maombi yakaishia hapo.

Kanuni iko wazi: ruzuku ya kimataifa ya Rotary Foundation, mfuko wa misaada wa Rotary, hailipii kazi iliyokwisha kufanyika, wala iliyoanza kabla ya maombi kupitishwa. Haijalishi shule ina shida kiasi gani. Yule jamaa alikuwa anaijua kanuni hiyo vizuri sana, maana asilimia yake alikwishaichukua kwa mchimbaji kabla bomba la kwanza halijashuka. Ukimpigia sasa, simu inaita mpaka inakata. Deni wamelilipa akina mama wa VICOBA kwa faida ya vitumbua, na mmoja wao aliuza cherehani. Kwa hiyo nikisikia mtu anawaambia watu wa Chanika "anzeni tu", damu inanichemka, na sitaomba radhi kwa hilo.

Ukijua pesa ya Rotary inavyotembea, hakuna wa kukudanganya. Tangu Paul Harris na wenzake watatu walipokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, kila kitu kinaanzia kwenye klabu. Mwanachama wa Rotary International ni klabu yenyewe. Wewe ni mwanachama wa klabu yako. Klabu ina rais, katibu, mweka hazina na bodi, na miradi inajichagulia. Klabu nyingi pamoja zinaunda distrikti, ambayo inaweza hata kuvuka mpaka wa nchi. Sisi na Uganda tuliwahi kuwa distrikti moja, 9211. Juu yake kuna gavana, naye hana kitabu cha hundi cha kuwasainia ninyi. Makao makuu yako Evanston, jimbo la Illinois, na hayagawi pesa kwa vikundi vinavyobisha hodi. Wanaoomba ruzuku ni klabu na distrikti. Kikundi chenu, leo hii, si kimojawapo.

Rotary Foundation nayo ni chombo chake kando, na sehemu kubwa ya pesa yake imetoka mifukoni mwa wanachama. Wanachochangia kwenye mfuko wa mwaka kinawekezwa miaka 3, ndipo karibu nusu yake inarudi kwenye distrikti iliyochanga, itumike kwa miradi. Kuna ruzuku ndogo ambazo distrikti yenyewe inazisimamia. Ile ya kimataifa inataka bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu za nchi mbili tofauti, moja ikiwa ya nchi yenye mradi, na tathmini ya mahitaji ya jamii iliyofanyika kabla. Tathmini hiyo msiifanyie mchezo. Ukanda wetu huu wa pwani unaweza kuchimba ukakutana na chumvi. Jamaa alituhakikishia maji yatapimwa mbele ya safari. Yalipotoka, mwalimu mkuu aliyaonja kwa kiganja, akatema. Mpaka leo ni maji ya kudekia madarasa.

Kitu kingine ambacho hatukuambiwa: mwaka wa Rotary unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na rais wa klabu pamoja na gavana wanabadilika siku hiyo. Ahadi ya mdomo mliyopewa Mei, Julai haina mwenyewe. Tulipokwenda kulalamika, tulimkuta rais mpya, mtu mwema kabisa, alitusikiliza hadi mwisho, lakini hakuwa na karatasi yoyote yenye jina letu.

Sasa ninyi 12. Klabu mpya kamili inataka waanzilishi 20, kwa hiyo bado. Lakini klabu tanzu inaanza na watu 8 tu, chini ya mwavuli wa klabu iliyopo, na mnakuwa wanachama halali wa klabu hiyo mama huku mkiwa na mikutano yenu na viongozi wenu. Hiyo ndiyo njia yenu. Nendeni kama wageni kwenye mikutano ya klabu mbili tatu za hapa Dar, mkae, msikilize, mchague mnayoelewana nayo. Kisima kisubiri. Mkishapokelewa, mwulizeni katibu lini kuna semina ya usimamizi wa ruzuku ya distrikti, kwa sababu klabu isiyohudhuria haiwezi kuomba ruzuku ya kimataifa. Pia mwombeni awaoneshe makubaliano ambayo klabu husaini na distrikti kabla ya kuomba: yanatakiwa yawe na saini mbili, ya rais aliyepo na ya rais mteule.