Maswali ya wasomaji: Mfupa mmoja, waandishi 47?

SWALI: Mambo vipi mhariri. Nilikuwa nasoma kuhusu Ardi, yule zamadamu wa Ethiopia, naona waandishi wapo 47, afu mwishoni wanashukuru tena wafadhili na watu kibao. Hivi kweli wote hao walichimba? Na hela anatoa nani, maana mfupa wenyewe si wa kuuza?

JIBU: Poa sana. Kwanza hao 47 sio wa karatasi moja, zilikuwa makala 11 zilizotoka kwa mpigo kwenye jarida la Science Oktoba 2009. Na hapana, waliochimba ni baadhi tu.

Kipande cha kwanza cha mkono alikiona Yohannes Haile-Selassie mwaka 1994 kule Aramis, eneo la Afar. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa vibaya inabaki unga, kwa hiyo wakawa wanaipaka dawa ya kuikaza, wanachokonoa taratibu na vile vidude vya daktari wa meno, kipande kinatolewa pamoja na udongo wake, kinafungwa plasta, kinapelekwa makumbusho Addis Ababa, na huko ndo mtu anakaa na hadubini anaanza kusafisha upya. Miaka 15 hiyo mpaka makala zinatoka!

Sasa humo katikati kila mtu na fani yake. Wanajiolojia walipima tabaka za volkano zilizokuwa juu na chini ya mifupa, ndo wakapata umri wa miaka milioni 4.4. Fuvu lilikuwa limebondeka vibaya, Gen Suwa wa Chuo Kikuu cha Tokyo akalipiga skani na kulipanga upya kwenye kompyuta kipande kwa kipande. Wengine kazi yao mbegu, wengine meno ya swala, wengine mifupa ya ndege, ili ijulikane Ardi aliishi porini kwenye miti au mbugani (ilikuwa miti). Mtaalamu wa meno ya swala hawezi kukusomea majivu ya volkano, kwa hiyo majina lazima yawe mengi.

Hela je? Mara nyingi ni mifuko ya serikali ya sayansi, kama National Science Foundation ya Marekani ambayo iliufadhili huo mradi, pamoja na vyuo, makumbusho na taasisi binafsi. Unaandika andiko la kuomba hela, unasubiri miezi, na mara nyingi unaambiwa pole. Ukipata, inaliwa na magari, mafuta, maji, posho za wasaidizi, vibali na maabara. Mimi naona tatizo ni kwamba wafadhili wanapenda ugunduzi, ile miaka ya kusafisha mifupa haina picha nzuri za kuonyesha watu. Angalia Olduvai kule Tanzania, wachimbaji wa mifupa ya kale Louis Leakey na mkewe Mary walihangaika miaka mingi na hela za kuungaunga, Mary alipoliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus mwaka 1959 ndo National Geographic Society wakaanza kuwafadhili.

Kama una wasiwasi mfadhili anaweza kuamua matokeo, tafuta ile sentensi karibu na shukrani inayosema wafadhili hawakuhusika kupanga utafiti wala kuandika. Siku hizi majarida mengi yanataka iwepo, na mengine yanataka hadi useme nani alichimba, nani alichambua, nani aliandika.

Na hilo la nani alifanya nini halikuzuka hivihivi. Mvulana wa Turkana, mifupa ya zamadamu kijana wa Kenya iliyokamilika kuliko karibu yote ya enzi zake, aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta mifupa ya kale, mwaka 1984 pale Nariokotome. Karatasi ya 1985 iliyoitangaza mifupa hiyo ina waandishi wanne: Brown, Harris, Leakey (huyu ni Richard, mtoto wa Louis na Mary) na Walker. Kamoya baadaye alipewa heshima, kuna mnyama wa kale wa jamii ya nyani anaitwa Kamoyapithecus, ila kwenye wale wanne hayumo.